Pumzi za Kumchoma Maksai

Tangu korona inishike, naoga nimekaa. Kuna kigoda cha mbao bafuni, seremala alinitengenezea bila kuuliza cha nini, na hapo ndipo ninapoumwagia maji mwili ambao zamani ulipanda minara ya matangi juani bila kusita. Mke wangu alipokiona mara ya kwanza alicheka. Hajakicheka tena.

Mimi ni fundi wa maji, Lodwar. Kazi yangu ilikuwa kwenda visimani, kufungua pampu na kuvuta mabomba kutoka ardhini. Siku hizi nakaa ofisini kupokea simu za watu ambao pampu zao zimekufa, nami nawaambia fundi anakuja, nikijua fundi huyo si mimi. Korona ilinilaza hospitalini, nikawekewa oksijeni, nikatoka nimekonda, na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, akadhani yamekwisha. Homa kweli ilikwisha. Kilichobaki hakina jina katika Kiturkana, na ukikieleza kwa Kiswahili kinasikika kama uvivu. Nikitoka barabarani kwenda sokoni moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nikibeba mtungi wa maji leo, kesho siamki. Nasahau majina ya visima nilivyovitengeneza mwenyewe.

Daktari wetu, kijana mpole, aliinua picha ya kifua changu dirishani akaniambia, "Mzee, mapafu iko sawa. Lakini mwili haijarudi. Usijilazimishe. Ukisikia uchovu, kaa chini mapema." Akaniomba pia nijihadhari nisiipate tena, maana mwili wangu hauna akiba ya kupigana nayo mara ya pili. Ndiyo sababu penye watu wengi navaa barakoa, mimi peke yangu katika mji ambao ulishavua zamani.

"Wewe bado uko na hiyo kitu?" mwendesha boda boda mmoja aliniuliza. "Korona iliisha. Hata serikali ilisema."

Nilimwambia aangalie barabara.

Sisi tunaponzwa na salamu. Mtu anakuuliza ejok, nawe unajibu ejok, kuzuri. Anauliza tena, watoto je, mifugo je, nyumbani je, na kote unajibu ejok, ejok, mpaka mridhike nyote wawili. Mtu akitaka kusema kwamba moyo wake unadunda hata akiwa amelala, hapati pa kuliingiza neno hilo. Basi walipokuja watu wa baba mkwe wangu kutoka Kakuma, wakanikuta nimekaa kivulini, wakaniuliza ejok, nikawajibu ejok. Wakarudi wakasema mkwe ni mzima, tena amenenepa. Ikapangwa harusi.

Nasema harusi, ingawa tulifunga ndoa kanisani zamani na binti yetu mkubwa yuko sekondari. Kwa watu wa mke wangu, padri ni mtu wa kuheshimiwa, lakini ndoa hafungi yeye. Ndoa inafungwa na maksai. Mahari ikishatolewa yote, mume anakwenda kwa wakwe na kumchoma maksai kwa mkuki, kwa mkono wake mwenyewe, watu wakimwona. Maksai asipoanguka, watoto wanahesabiwa kwa babu yao mzaa mama. Mahari niliimaliza kabla sijaugua. Kisha ikaja korona, mikutano ikakatazwa, kisha ukame ukaua mifugo, na maksai akawa anasogezwa mbele kila mwaka. Sasa baba mkwe alikuwa anakohoa na kudhoofika. Alituma neno kwamba akiondoka kabla ya siku hiyo, watoto wangu watabaki mikononi mwa wanawe, na wanawe anawajua. Nami nawajua. Akija mtu kumposa binti yangu, wangezungumza wao, na mimi ningekaa pembeni nikinywa chai.

"Baba watoto, waambie ukweli," mke wangu alisema. "Waambie mwili hauna nguvu. Mdogo wako achome."

"Halafu watasema wewe ni mke wa mdogo wangu."

"Waseme."

Nilimjibu vibaya, na sitayaandika hapa niliyomjibu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mwanamume ambaye hawezi kumkimbilia maksai, kwetu ni mwanamume wa namna gani?

Tulikwenda Kakuma kwa gari la kukodi, nikilala kiti cha nyuma ili nisipoteze nguvu. Boma la baba mkwe liko ng'ambo ya lagga, mto wa mchanga usio na maji, mbali kidogo na kambi ya wakimbizi, lakini mabati ya kambi unayaona yakimetameta. Watu walikuwa wameshaanza kuimba na kuruka, vumbi limesimama. Nilishuka nimevaa barakoa. Mama mmoja mzee akauliza kwa sauti kama mkwe amefungwa mdomo ili asiwanyonye mama mbuzi maziwa. Walicheka sana, na kusema kweli hata mimi nilitaka kucheka. Niliivua nikaitia mfukoni.

Baba mkwe akaja kunibariki. Baraka zetu ni za mate. Mzee anajaza maji mdomoni, anayachanganya na tumbaku na mate yake, anakupulizia usoni na kifuani, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, mikavu. Akanipulizia, akakohoa, akanipulizia tena. Nilifumba macho na kubana pumzi, mimi ambaye sina pumzi za kubana. Niliogopa, na nilijichukia kwa kumwogopa mzee aliyekuwa ananitakia uhai.

Maksai alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Desturi ni bwana harusi amwendee mbio, kwa madaha, watu waone miguu yake. Mimi nilimwendea polepole, kama mtu anayekwenda kulipia umeme. Nilichoma. Mkuki haukuzama. Maksai akageuka akaondoka nao ubavuni, ukaanguka, na nyimbo zikakatika. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa anayemsaidia bwana harusi anamharibia. Niliokota mkuki nikamfuata. Masikio yalikuwa yanavuma na mbele yangu kumekuwa kweupe, nikamwona mke wangu kando ya kundi akitikisa kichwa kwamba niache. Sikuacha. Mara ya pili niliegemeza mwili wote, na maksai akapiga magoti.

Vigelegele vilipopigwa nilikuwa nimeushika mkuki nisianguke. Wao walidhani ni maringo, wakanitungia wimbo papo hapo. Nyama ilipokuwa motoni baba mkwe aliniita, akaniambia kwa Kiturkana, mbele ya wanawe, nichukue watoto wangu. Nililia. Wakasema ni moshi, nami nikakubali kwamba ni moshi.

Kurudi Lodwar sikushuka garini kwa miguu yangu. Nilianguka kitandani, na huo haukuwa uchovu wa siku mbili. Wiki zilipita nikiwa katika chumba chenye giza, sauti ya sahani ikinichoma kichwani, kijiko cha uji kikiwa kizito mkononi. Labda niliipata tena korona kwa mate ya mzee, labda ni yule maksai tu. Daktari alisema hawezi kujua, na hata akijua, dawa ni ile ile, kupumzika. Hakunigombeza, ningefurahi kama angenigombeza. Kabla ya maksai nilifika sokoni, ingawa kwa shida. Sasa nafika getini, na siku nyingine sifiki.

Baba mkwe bado yu hai. Anatuma salamu, anauliza kama ni ejok.

Shule zilipofungwa binti yangu mkubwa alikuja nyumbani. Alikuwa ananiletea uji, anaketi ukingoni mwa kitanda mpaka nimalize. Siku moja hakuondoka na kikombe.

"Baba, ni ukweli ulichoma hiyo ng'ombe ndio tukuwe wako?"

"Ndiyo. Wewe hasa."

"Na daktari alikuwa amekukataza."

"Alikuwa amenikataza."

Alikizungusha kikombe mkononi. Ana mikono ya mama yake, haitulii akiwa na hasira.

"Mimi nimekuita baba tangu nijue kuongea," alisema. "Hao wajomba hawakuniuliza mimi ni wa nani. Na wewe pia hukuniuliza."

Nilimwambia desturi hazimuulizi mtoto. Nilimwambia akiposwa ataelewa, kwamba nitakaa mbele ya wageni kama baba na hakuna mjomba atakayenikatiza.

"Utakaa?" aliuliza. "Juzi padri alikuja, umeshindwa hata kukaa. Umeongea na yeye ukiwa umelala."

Nilikuwa na hasira naye, kisha nikaona si yeye niliyemkasirikia, ni mimi mwenyewe, na yule maksai, na kila mtu aliyeniuliza ejok. Pumzi zilikuwa zimeniishia. Yeye alijua, kwa hiyo hakungoja jibu. Alinifunika miguu, akachukua kikombe, akasimama mlangoni.

"Ungeniuliza," alisema, "ningesema nataka baba mwenye anatembea."