Basi la Mwisho la Eusebio

Mimi Saida nakata tiketi stendi ya Kilwa Masoko, na Eusebio namjua tangu aje kutoka kwao Rondo na begi moja na cheti chake cha kompyuta. Kijana mpole, lakini akianza kuisifia programu yake, utatamani umzibe mdomo kwa kanga.

Programu yenyewe ilitokana na shida yetu. Tangu biashara ya mabasi iachiwe huria, kila mwenye hela ananunua basi. Leo anaongeza safari, kesho anafuta. Basi la mwisho la Lindi hatukulijua hata sisi wa stendi. Eusebio akaipa kompyuta kazi: ichambue mabasi ya Lindi, ibakize yenye viti vitupu, iyapange kwa saa, ichukue la mwisho. Mwezi mzima haikukosea. Abiria wakamwita profesa, naye akaitika, masikini!

Sasa, kulikuwa na Bertha. Eusebio alimpenda binti huyo wa Lindi mpaka akawa anasahau kula. Kwao Bertha mwenye kauli ya ndoa ni mjomba, na mjomba wake, mzee Tomaso, aliteremka Lindi kwa siku moja tu kuonana na wachumba. Alisema wazi: "Asiyefika leo, asinifuate shambani." Wachumba walikuwa wawili. Wa pili ni Erasmo, dereva wa basi la saa kumi jioni la kwenda Lindi.

Siku yenyewe ilikuwa ya pili ya Idi. Eusebio kapiga pasi shati, kajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya.

"Mwanangu, panda hili la saa kumi," nikamwambia.

"Mama Saida, niende kuposa nikiwa abiria wa Erasmo? Tushuke pamoja, tubishe hodi pamoja? Thubutu!"

Akaiuliza mashine. Ikajibu: saa kumi na mbili.

"Umeona? Lipo jingine."

Nami, wallahi, nikaamini. Nikadhani tajiri fulani kaongeza gari. Erasmo akapiga honi, akaita, "Profesa, twende!" Eusebio akampungia mkono kama waziri.

Saa kumi na mbili ikafika, stendi kimya, hata wauza samaki wanafunga. Akarudi kwenye mashine, akaitazama, uso ukamshuka. Kumbe saa aliziandika vile tunavyozitaja midomoni, bila asubuhi wala jioni. Lile la saa kumi na mbili lilikuwa la alfajiri! Siku zote hujaa, kwa hiyo mashine hulitupa kwenye uchambuzi, na kosa halionekani. Siku hiyo watu bado wako kwa ndugu zao wanakula biriani, basi hilo likaondoka na viti vitupu, likabaki kwenye orodha ya mashine. Na kwa kompyuta, kumi na mbili ni kubwa kuliko kumi. Basi lililotangulia kuondoka ndilo likawa la mwisho.

Bodaboda wote walikataa safari ndefu hivyo. Saa mbili usiku akampigia Bertha simu, nikamsikia binti kwa mbali.

"Umeachwa na basi, na aliyepanga ratiba ni wewe?" Kisha sauti ikashuka. "Mjomba kashamkaribisha mwenzio ndani, Eusebio. Mimi nilikusubiri barabarani mpaka giza."

Eusebio alilia kwenye benchi la abiria, nami nikalia naye, ingawa kicheko kilikuwa kinanibana mbavu. Mungu anisamehe.

Programu aliirekebisha kesho yake. Sasa haikosei hata kidogo. Matajiri wa mabasi wameizoea, wametaka iongezewe jina la dereva. Kila jioni abiria wanauliza basi la mwisho la Lindi, na Eusebio anawasomea kwenye kioo kwa sauti: saa kumi jioni, viti vipo. Akifika kwenye jina la dereva, anakohoa.