Mama Nkandu na Mke Anayenyamaza

Saa kumi jioni, katika ukumbi wa parokia huko Katuba, Lubumbashi, Mama Nkandu anaketi nyuma ya pazia, miwani puani, maneno ya mchezo mapajani. Kazi yake ni kumnong'oneza mwigizaji maneno yaliyomtoka. Wenzake wanamwita Mama Souffleuse, yaani mnong'onezaji kwa Kifaransa, na binti huyu wa fundi wa reli ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake.

Haimlishi, hata kidogo. Anakula kwa maandazi anayouza asubuhi. Lakini mguse habari za malkia wa tamthilia za zamani, utakesha! Malkia alisimama katikati ya jukwaa, akailaumu miungu, akamlaani mume na ukoo wake mzima, ndipo akanywa sumu. Maneno yalikuwa tele, na kila onyesho mwigizaji aliyasahau.

"Malkia alikuwa anasema mpaka anakufa," anakumbuka. "Huyu mke wa michezo ya leo anakamata valizi ya nguo, anatoka, hasemi kitu. Mimi nitamupulizia maneno gani?"

Swali hilo nusura limponze. Juma lililopita, katika mchezo mpya, mume alimuuliza mkewe kwa nini anaondoka. Mke, anayeigizwa na msichana Plamedie, akanyamaza. Akanyamaza mno. Mama Nkandu alidhani amesahau, akamtupia maneno yanayofuata, "Usinifuate," kwa mnong'ono ule ule wa nguvu wa enzi za malkia. Ukumbi mzima ukasikia, watu wakaangua kicheko.

Rigobert, kiongozi wa kundi, alimwambia kwa upole kwamba michezo ya sasa pengine haihitaji tena mtu nyuma ya pazia. Mama alirudi nyumbani akalia, naye hafichi.

Aliyemrudisha ni Plamedie mwenyewe. Alimfuata kwake, akakiri kwamba kunyamaza mbele za watu kunamtisha kuliko kusema, maana hajui anyamaze mpaka wapi.

"Ukae pale, Mama," alimwomba. "Nikikuangalia, nitajua kama inatosha."

Leo wanafanya mazoezi. Mume anauliza. Plamedie ananyamaza, kisha anatupa jicho kwenye pazia. Maneno yamemjaa Mama Nkandu mdomoni, lakini anauma midomo, anangoja, anangoja tena, ndipo anatikisa kichwa kukubali.

"Usinifuate," anasema Plamedie, na kuchukua valizi.

Sasa Mama anambembeleza Rigobert warudishe mchezo mmoja wa zamani, Plamedie awe malkia, kabla macho yake mwenyewe hayajashindwa kusoma. Rigobert bado hajakubali.

"Nataka nimusikie anasema maneno mingi, hata mara moja," anasema Mama Nkandu. "Akisahau, niko pale."