Rumonge wakati wa vita: backup ilisema "imekamilika" kila siku, kumbe faili la watoto halimo

Wakuu, amani kwenu.

Kuna uzi humu wiki hii watu wanasema backup, yaani nakala ya akiba ya data, siku hizi inajiendesha yenyewe, mtu wa IT kazi yake kunywa chai tu. Nimecheka, halafu nikakumbuka yaliyonikuta. Nawasimulia kama yalivyokuwa, aibu yangu ikiwemo.

Mimi ni mtoto wa Rumonge, Burundi, mtaa wa Waswahili. Miaka ya vita nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Mama anakimbia Minago kuelekea kusini, mtoto anabebwa na umati kuelekea Kabezi, ndiyo basi.

Kila mtoto na kila mzazi alikuwa na fiche yake, yaani kadi ya taarifa zake, kwenye database. Jina, alama mwilini, na mahali pa kumpata. Karatasi hatukuweka, maana karatasi ikiokotwa na watu wabaya inageuka orodha ya kuwinda watu.

Aliyeingiza hizo fiche ni Mama Odette, mama wa makamo, mpole lakini mbishi kuliko punda.

Mkuu wetu akaleta software ya backup, ile ya makampuni makubwa, na mashine ya kunakili data kwenye kanda. Kazi yangu ilikuwa kuifanya iende yenyewe kila siku, na kila Ijumaa dereva wetu Saidi apeleke kanda Bujumbura kwa convoi, yaani msafara wa magari unaolindwa na wanajeshi.

Jenereta ilikuwa ikizimwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo usiku haikuwezekana. Nikapanga saa sita na nusu mchana, watu wote wakiwa wameenda kula. Akili nyingi, si ndiyo?

Wiki tatu mfululizo ripoti inasema "imekamilika". Wakuu, nilitembea kifua mbele. Nikawa nawaeleza watu automation ni nini hata wasioniuliza.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja kutoka Minago. Binti yake wa miaka minne alimponyoka mkono wakati wa kukimbia. Nyumbani walimwita Kadogo, ana kovu la kuungua na mawese kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Yule mama alisema anakwenda Nyanza-Lac kwa dada yake, akataja mtaa na jina la dada. Mama Odette akaandika yote.

Ijumaa ya wiki ya tatu, asubuhi, Mama Odette akanitania.

"Hamisi, mi sijaona kitu inaingia mu kakanda haka na inatoka. Nionyeshe."

Nikasema hilo dogo. Nikafanya restore, yaani kurudisha data kutoka kwenye kanda, kwenye kompyuta ya pili. Barua za ofisi zikaja. Orodha ya vifaa ikaja.

Faili la watoto halikuja.

Nikarudia. Halipo. Nikafungua ripoti na kuisoma hadi chini kwa mara ya kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: faili moja limerukwa, linatumika, yaani kuna mtu kaliacha wazi. Siku ya kwanza hivyo hivyo, na ya pili, na zote zilizofuata.

Tulikuwa tunasafirisha orodha ya viti na meza.

Nikamgeukia mama wa watu kwa hasira: kwa nini unaenda kula bila kufunga fiche?

Akasema taratibu:

"Namna gani nifunge? Mutu akifunga dosiye ya mutoto mwenye hajaonekana, ni kama amemuzika. Mi siwezi."

"Na jioni je?"

"Jioni ni jenereta inazima. Ile si mukono yangu."

Hasira ikaniisha. Yeye aliacha fiche ya mwisho wazi kila mchana ili kuwe na mtoto mmoja ambaye bado anangojewa. Mimi sikuwahi kumuuliza anafanyaje kazi. Niliuliza software tu.

Nikamwambia, "Basi Mama, mashine ifunge. Isiwe mukono yako."

Akafikiri. "Kama ni mashini, sawa. Lakini nikirudi nimukute."

Nikakaa chini. Nikaandika script ndogo, yaani amri za kompyuta, ianze kabla ya backup: ifunge database. Nikaongeza nyingine ya baada ya backup: ifungue tena fiche ile ile iliyokuwa kwenye skrini. Sikula siku hiyo, wala sikusikia njaa.

Kanda ilianza kuzunguka saa saba. Ile mashine ilikuwa na uvivu wa kinyonga. Kule mlimani tangu asubuhi tulisikia milio ya risasi, na Saidi anachungulia kila dakika.

"Hamisi, convoi inatoka saa nane. Basoda hawangojake mutu!"

Ikaisha saa nane kasoro kidogo. Ningeweza kumpa kanda aondoke. Nikakataa. Nilishadanganywa wiki tatu, nikasema haitoki bila kujaribiwa.

Saidi akatukana kwa Kirundi, akatoka, akafungua boneti ya gari katikati ya barabara, njia ya msafara ikazibika, na kuwaapia wanajeshi kwamba injini imechemka. Restore ikakubali. Nikaandika "Kadogo". Akatokea, kovu na yote. Nikakimbia na kanda mkononi, nikamkabidhi Saidi.

Jumatatu mapigano yakaingia mjini. Ofisi ikaporwa, kompyuta zote zikaenda. Tukakimbilia Bujumbura mikono mitupu.

Baada ya wiki chache ikaletwa taarifa kutoka Kabezi: kuna binti analelewa na mjane mmoja, anajiita Kadogo, jina la mama yake hajui zaidi ya "Mama". Ana kovu kifundo cha mkono wa kushoto.

Kanda ile moja ndiyo pekee iliyojua mama yake yuko mtaa gani Nyanza-Lac.

Saidi alimleta yule mama Bujumbura, ambako mtoto alikuwa ameshaletwa. Mtoto hakumkimbilia mara moja. Alimnusa kwanza bega, halafu akamshika shingo na hakuachia. Nililia wakuu, sifichi.

Jioni Mama Odette akaniita kwenye kompyuta tuliyopewa Bujumbura. Fiche ya Kadogo iko wazi.

"Hamisi, nionyeshe kwenye wanafungiaka."

Nikamwonyesha kitufe cha kufunga. Akakibonyeza mwenyewe.

Nilichobaki nacho: neno "imekamilika" si backup. Soma ripoti mpaka chini, fanya restore, na kabla ya kupanga ratiba kaa na anayeandika hizo data umwone anavyofanya kazi.

Haya, wanywa chai, semeni ukweli: mara ya mwisho ulijaribu restore lini?