Kimya cha Mapigo Manne

Juzi mwanafunzi wangu alikigonga kile chuma cha meno mawili cha kutafutia sauti kwenye ukingo wa dawati, na ule mlio wake mwembamba ukanirudisha kijiji chetu cha misheni, Frere Town, nikiwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa akikigonga chake gotini, kisha akikiweka nyuma ya sikio langu ili noti iniingie mfupani, nami nikicheka hadi mbavu ziniume.

Baba alikuwa mwalimu wa shule, lakini kilichomla roho ni kutunga muziki. Sisemi nyimbo za beti tatu, jamani. Mwaka ule, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha, alikuwa anamalizia kazi ya nusu saa, ya sauti nne, ambamo mambo aliyojifunza kwenye kinanda cha misheni yalikutana na midundo ya ngoma za kwao Rabai. Alitunga akitembea. Tulimwona akizunguka uwani, akihesabu kwa vidole, wali ukipoa, na mama akituambia, "Mwacheni, baba yenu yuko safarini."

Padri wa misheni, Mzungu, hakuwa na imani naye. Kwa maoni yake watu wetu walijaliwa kuimba, si kutunga. Alikubali kazi ile iimbwe mara moja tu, Jumapili ya mavuno. Ikivurugika, kwaya irudi kwenye nyimbo za kitabuni. Baba akakonda.

Taabu ilikuwa mahali pamoja. Karibu na mwisho, sauti zikishapanda hadi juu kabisa, Baba aliweka kimya cha mapigo manne. Sasa, katika maandishi yetu ya do-re-mi kimya hakina alama; nafasi huachwa tupu. Kina mama wa kwaya walipoiona nafasi ile ubaoni wakamhurumia.

"Mwalimu, hapa umesahau kuandika," alisema Hawe, bibi yangu mzaa baba, aliyeongoza sauti ya pili.

"Sikusahau, mama. Hapo mnanyamaza."

"Tunyamaze kwenye furaha? Kwani kuna matanga?"

Baba akajibu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawe akasema mshindo wenyewe ndio huu, akapiga kigelegele kilichowarusha kunguru paani. Kwetu, shangwe bila vigelegele ni kama kumwalika mgeni ukamwacha mlangoni. Wiki tatu walijaribu, na kila walipofika pale mmoja alishindwa kujizuia. Mwishowe Baba aliwaapisha wote, mama yake akiwemo. Mimi hakuniapisha. Nilikuwa mtoto tu, wa kukaa benchi la mbele na kutulia.

Jumapili ikafika. Kanisa lilinukia mananasi, ndizi mbivu na mafuta ya nazi ya nywele zetu. Padri aliketi pembeni, mikono kaipakata. Kwaya iliimba hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Sauti zikapanda, zikapanda, nikahisi kifua kinanijaa, kisha zikakatika ghafla. Mkono wa Baba ulikuwa juu. Kina mama wameuma midomo.

Na mimi, mtoto wa mtu, nikapiga kigelegele.

Wala sikukusudia. Kilitoka chenyewe, kirefu, kikapanda hadi kwenye mabati. Nikaziba mdomo, nikijua nimemmaliza Baba. Lakini Hawe alikwisha kuachilia chake, wakamfuata kina mama wote, kisha kanisa zima, na Padri akawa anageuka huku na huku asijue pa kutazama. Baba alisimama vilevile, mgongo ametugeuzia, nikadhani hasira imemgandisha. Halafu akaushusha mkono, na kwaya ikaingia kwa sauti moja. Nililia kwa furaha na kwa hofu. Ibada ilipokwisha, Padri mwenyewe aliomba kazi ile irudiwe Krismasi, pamoja na "zile kelele."

Baba hakunigusa. Miaka mingi nilidhani alinisamehe kwa sababu mambo yalinyooka. Hadi nilipoirithi kazi yake, nikasimama mbele ya kwaya yangu, mkono juu, ndipo nilipojua. Mapigo manne ni mafupi, hayazidi pumzi moja. Angeweza kuwaingiza waimbaji papo hapo, sauti yangu ikafunikwa, na hakuna ambaye angeikumbuka leo. Hakufanya hivyo. Aliushikilia mkono ule hewani hadi Hawe alipoishiwa pumzi. Mtu mwenye hasira hangoji hivyo. Baba yangu alikuwa anasikiliza.