Nyuzi Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Dada yangu I Cenning alitanda na kufuma hariri hapa mjini Sengkang maisha yake yote, na hakubadili idadi hata mara moja: nyuzi 2520. Mteja akitaka miraba sita, inatoka kamili. Saba, kamili. Nane, tisa, kumi, kamili. Mimi darasa sikuliona. Kugawanya nilijifunza kwa makaa ukutani, na ukuta mzima niliuchafua nikitafuta namba iliyo ndogo kuliko hiyo inayokubali zote, moja hadi kumi. Haipo.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Mama alitanda hivi. Sogea, unaniziba mwanga."

Binti yake Becce alipoposwa, dada alitanda saruni ya bwana harusi. Nyuzi zikanyunyiziwa mchele, na kwetu uzi ukishanyunyiziwa hautolewi wala hauongezwi. Anayetoa uzi anaipunguza ndoa. Ndipo akaingia Puang Rannu, shangazi wa bwana harusi.

"Miraba mingapi?"

"Kumi, Puang."

"Ukoo wetu huvaa kumi na moja. Ikija kumi itarudi, na bibi harusi atarudi nayo."

"Ungesema mapema."

"Kwani hukuuliza unamwoza binti kwa nani?"

Alipotoka, Becce akaanza kulia. Mimi nikakimbilia ukuta wangu. Kumi na moja mara 229 ni 2519. Unabaki uzi mmoja.

"Uchomoe, dada. Nani atajua?"

"Mimi. Wewe huna binti, ndiyo maana mkono wako mwepesi."

Lakini 2519 ilikwisha kunishika. Igawe kwa mbili, unabaki mmoja. Kwa tatu, zinabaki mbili. Kwa nne, tatu. Vivyo hivyo hadi kumi, zinabaki tisa. Namba iliyomkaribisha kila mgeni, ukiipunguza moja tu, inawafungia wote mlango na kumfungulia yule wa kumi na moja.

"Dada, njoo uone!"

"Ona wewe na makaa yako."

Alikuwa akipitisha nyuzi kwenye chanuo la kufumia, uzi mmoja kila pengo, akipanga rangi. Ndani ya mraba wa mwisho akazilowesha nyuzi mbili kwa ulimi, akazisokota, zikapita pengo moja pamoja kama uzi mmoja. Becce akaacha kulia.

Siku ya harusi Puang Rannu alihesabu miraba kwa kidole mpaka kwenye mshono, ambapo vipande viwili vya saruni vilikutana, mraba mzima kwa mraba mzima.

"Kumi na moja," akasema, akaikunja mwenyewe.

Siku hizi mashine hufuma bila kuhesabu. Mraba unakatwa mshononi kama mkia wa samaki, vijana wanavaa, na hakuna anayeona haya. Dada tumemzika. Nikienda kwa Becce huiomba ile saruni, nikapapasa mraba wa mwisho nikitafuta zile nyuzi mbili.

"Umezipata, mjomba?"

Bado.