Slaidi Nane za Salamu

Niliwahi kuukosesha mtaa mzima maji ya bomba kwa kusalimia. Nalisema mapema, mwanangu, ili kama ulitaka mzee mwenye historia ya kujivunia uondoke sasa ukamtafute. Wapo wazee waliofukuzana na fisi, wapo waliotembea kwa miguu mpaka Kondoa. Mimi nilishindwa na kompyuta, tena mchana kweupe, mbele za watu, nimevaa tai ya kuazima.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na cheti cha kidato cha nne ambacho mama alikifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Tangu ujana wangu mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikwenda Mtera kufuata samaki, wengine wakaenda Dar kutafuta maisha, mimi nikabaki hapa Nzuguni natafuta kivuli. Kitu kimoja tu kiliweza kunitoa ndani, nacho ni kutaka kujua. Nikisikia kuna mashine mpya mjini, nitaoga alfajiri na maji ya baridi nikaione.

Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu Tausi. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya stendi, ndani yake kompyuta tano, kila moja kaifunika kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi letu hili. Kwa umri alikuwa mdogo kwangu, lakini akisimama nyuma ya kiti changu shikamoo ilikuwa inanitoka yenyewe. Alitufundisha kuandika barua, tukamaliza, akatuingiza kwenye programu ya kutengeneza slaidi.

Wewe unaijua, pengine unaifungua kwenye simu. Kwangu ilikuwa maajabu. Slaidi ni ukurasa mmoja unaotupwa ukutani na projekta. Ukibonyeza mshale, unaondoka, unakuja mwingine. Juu unaweka kichwa cha habari, chini maneno machache, pembeni picha. Picha, alisema mwalimu, uivute kwa kona yake, kwa sababu ukiivuta ubavuni mtu mwembamba anageuka gunia. Na maandishi yawe makubwa: inuka, nenda kasimame mlangoni, usipoweza kuyasoma kutoka pale basi na bibi wa safu ya mwisho hayasomi. Haya yote niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Kilichonikaa moyoni, hata hivyo, kilikuwa kingine.

Humo ndani kulikuwa na orodha ya madoido. Herufi zinaweza kudondoka moja moja kama mvua ya kwanza. Zinaweza kuzunguka. Na unaweza kuambatanisha sauti, mojawapo ikiwa ya makofi. Niliibonyeza ile sauti nadhani mara arobaini. Nilitaka kujua ni watu wangapi wanaopiga makofi mle ndani, na ni nani yule mmoja anayepiga mluzi mwishoni, na alifurahishwa na nini. Mwalimu Tausi akanivua vipokea sauti masikioni, akaniuliza, "Hebu niambie kwa mdomo kabla hujagusa mashine. Unataka hao watu wakitoka hapo wafanye nini?" Niliona ni swali la kitoto. Nikavivaa tena.

Sasa njoo kwenye maji. Mtaa wetu haukuwa na bomba. Kina mama walikuwa wakichota kwenye kisima cha pampu, mbali, wanapanga foleni kabla jua halijachomoza. Jirani yangu Mama Saidi, Mrangi wa Kondoa aliyeishi kwa kuuza chai na mandazi, alikuwa akienda mara nne kwa siku, na kiuno chake kilishaanza kumuuma. Ikaja habari kwamba mradi wa maji umebakiza kioski kimoja, kibanda chenye bomba la kuchotea, na mitaa miwili inakitaka, wetu na wa jirani. Kutakuwa na mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Kila mtaa utapewa dakika kumi kueleza shida yake, halafu wakubwa wataamua palepale.

Mwenyekiti wetu alikuwa amesikia kwamba nasoma kompyuta. Basi, nikateuliwa. Nilizunguka na kamera ya kuazima, nikapiga picha za foleni, za njia yenye mashimo, na za Mama Saidi akiwa na ndoo kichwani. Mama Saidi hakuwa mtu wa kupigwa picha, kuna harusi za ndugu zake alizozikimbia kwa ajili hiyo. Siku ile alisimama kimya mpaka nikamaliza. Alisema tu kwamba kama picha italeta maji, nipige hata mbili.

Nikaketi kutengeneza slaidi, na hapo hofu ikaniingia. Unaujua mji wetu, mwanangu. Huu ni mji wa serikali. Mkutano wa watu ishirini una waheshimiwa kumi na watano. Mwenyekiti alinikazia macho akasema nisije nikaruka mtu. Kumruka mtu kwenye itifaki ni kosa linaloweza kukufuata mpaka kwenye msiba wako. Nikaamua kwamba mimi sitaruka hata mmoja, na mashine itanisaidia. Mgeni rasmi nikampa slaidi yake. Diwani yake. Mtendaji wa kata yake. Mwenyekiti wetu, kisha mwenyekiti wa mtaa wa pili, asije akanuna. Viongozi wa dini. Wazee maarufu. Ya nane nikawapa wananchi wote kwa ujumla wao. Kila slaidi ina ua jekundu kwenye kona, herufi zinadondoka moja moja, na jina likikamilika makofi yanalia. Picha za maji zilianzia slaidi ya tisa.

Mwalimu Tausi alikuwa ametuagiza kwamba mwenye kazi ya kuonyesha watu aipeleke kwake siku moja kabla. Sikwenda. Nilitaka asikie sifa zangu kwa watu wengine.

Siku ikafika. Mapazia ya khanga yakafunga madirisha, projekta ikawaka, nikabonyeza. Jina la mgeni rasmi likaanza kudondoka ukutani, herufi kwa herufi, na watu wote wakalisoma kwa sauti kama darasa la kwanza. Lilipokamilika makofi yakalia kwenye spika. Watu wakatazamana. Mmoja akapiga makofi, wote wakafuata. Tatizo ni kwamba mgeni rasmi hakuwepo. Alikuwa amemtuma msaidizi wake, na msaidizi yuko pale mbele, anatazama jina la bosi wake likishangiliwa.

Mwenyekiti akaninong'oneza nirekebishe. Nikatoka kwenye onyesho, nikaanza kuandika jina jipya, na ukuta mzima ukawa unanionyesha nikiwinda herufi kwa kidole kimoja. Watu wa Nzuguni ni wema. Wakanisaidia.

"H iko katikati, kaka, hapo hapo."

"Umepita. Rudi kushoto."

"Mwacheni, mnamchanganya."

Jina likapatikana, likadondoka upya, likapigiwa makofi upya. Msaidizi akainuka, akapunga mkono. Diwani alipofikiwa, na yeye hakukubali kukaa. Akasimama, akapunga, akasema mawili matatu. Mtendaji naye. Kwenye slaidi ya viongozi wa dini, shehe na mchungaji walisimama pamoja, kila mmoja akimbembeleza mwenzake aanze kupunga. Mimi niko pale na kipanya, jasho linashuka ndani ya tai, na nakiri kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inafurahi. Sijawahi kuona watu wakipiga makofi kiasi kile.

Kengele ya shule ikagongwa. Msimamizi wa ratiba akasema imebaki dakika moja. Nilikuwa kwenye wazee maarufu. Nikabonyeza haraka, lakini herufi nilizozifundisha kutembea polepole hazikukubali kukimbia. "Wananchi Wote kwa Ujumla Wao" ilidondoka mpaka kengele ya pili. Nikaomba nionyeshe picha moja tu. Msimamizi akasema dakika kumi ni dakika kumi, na wenzetu wanasubiri.

Akaja mama mmoja wa mtaa wa pili, mwalimu wa chekechea. Akasema, "Itifaki imezingatiwa," akamaliza salamu zake zote. Ukutani ikatokea picha ya foleni ya ndoo. Hakusema kitu. Alisogea pembeni akaacha watu waitazame mpaka mtu mmoja kule nyuma akaguna. Slaidi ya pili ilikuwa ramani aliyoichora kwa mkono, na mstari mrefu kutoka nyumba za mwisho mpaka kisimani. Ya tatu ilikuwa ramani ileile, imeongezwa nukta nyekundu, na chini yake sentensi moja: tunaomba kioski hapa. Alitumia dakika nne, akatushukuru, akakaa. Kioski kikaenda kwao.

Sitaki kukudanganya kwamba wangetupa sisi kama ningefanya vizuri. Huenda shida yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba hatutajua kamwe, kwa sababu shida yetu hakuna aliyeiona.

Nilirudi kwa Mwalimu Tausi baada ya wiki mbili, nikamsimulia. Alicheka baadaye sana. Wakati ule alifunika kompyuta yangu na kitambaa chake, akakaa. Akasema, "Nilikuuliza unataka wafanye nini. Wewe ulitaka wapige makofi, wakapiga."

Mtaa wetu ulipata maji baada ya mwaka mmoja na nusu, mradi ulipopanuliwa. Safari hiyo pia nilisimama mimi, kwa sababu Mwenyekiti alisema aliyevunja ndiye ajenge. Nilikwenda na slaidi nne. Lakini huo mwaka na nusu haukuwa wangu, mwanangu. Ulikuwa wa kiuno cha Mama Saidi, mara nne kwa siku.

Siku hizi uzee wangu bado mchanga, na ukuta wa sebule yangu ni mweupe, kwa hiyo wanafunzi wanakuja alasiri kufanya mazoezi ya prezentesheni zao. Tunafunga pazia, mimi nakaa nyuma na chai yangu. Siangalii slaidi. Nawaangalia wanaosikiliza, kwa sababu bado nina ugonjwa wangu wa kutaka kujua. Msemaji akigeuka kuusomea ukuta, macho ya watu yanaondoka kabla ya mstari wa tatu. Ikija picha na yeye akanyamaza, hata aliye na simu mapajani anainua kichwa. Kwa nini iwe hivyo sijui, na nikijua nitakuambia. Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma kilimo aliweka jedwali lenye herufi kama chawa. Nikamwomba aende jikoni alisome kutoka kule. Akasema, "Mzee, huku ni mbali." Nikamwambia kwamba mgeni wake muhimu ndiye atakayechelewa, na atakaa mbali kuliko hapo.

Basi nakuachia ninachokijua. Anza na karatasi na kalamu: andika sentensi moja, unataka watu wakitoka pale wafanye nini. Ukishindwa kuiandika, kompyuta haitakuandikia. Slaidi yako ya kwanza iwe na shida yenyewe au swali lenyewe. Heshima zote za wakubwa zitoke mdomoni mwako, kwa ufupi, huku ukiwatazama usoni, maana ndiko zinakopokelewa. Madoido yajaribu nyumbani mpaka uyachoke, ni matamu, sikukatazi, halafu yaache huko nyumbani. Kazi yako mwonyeshe mtu siku moja kabla, hasa yule unayeogopa atakukosoa. Na ukipewa dakika kumi, jiandae kwa saba.

Mwenyezi Mungu akujalie umeme usiokatika katikati ya sentensi, projekta inayowaka mara ya kwanza, na wasikilizaji watakaotoka wakikumbuka ulichokwenda kuwaambia kuliko rangi ya tai yako. Na kama kumbukumbu yako ni fupi kama yangu, mengine yote uyaache, ubaki na ya Mama Saidi. Siku ile ya salamu alikuwa amekuja mkutanoni na ndoo zake mbili ili akitoka apitie foleni. Watu walikuwa bado wanakunja viti. Alinikuta mlangoni nahangaika kuzungusha waya wa projekta, akaweka ndoo moja miguuni pangu, akasema:

"Umewasalimia vizuri sana, mdogo wangu. Sasa shika hiyo twende kisimani."