Ubao wa Saba Kutoka Ukutani

Mama Lamunu aliijua nyumba yake kwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Macho yalikuwa yamekwisha kuzimika miaka minne nyuma, ugonjwa wa sukari ukiyala polepole kama mchwa alavyo mlango, lakini hakuna aliyewahi kumwona akipapasa ukuta. Asubuhi aliteremka kitandani, akaweka mguu mtupu sakafuni, akautafuta mfuo mwembamba ulio kati ya ubao wa saba na wa nane, ukihesabu kutoka ukutani. Akishaupata, alikwenda wima kama askari wa gwaride. Mfuo ule ulimtoa chumbani, ukamvusha ukumbini, ukamfikisha mlango wa mbele bila kupinda hata mara moja. Katikati ya safari palikuwa na ubao mmoja uliolalamika ukikanyagwa. Hapo ukishika mkono wa kushoto unaingia jikoni. Ukishika wa kuume unakutana na ngazi tatu za kushukia varanda ya nyuma.

Nyumba ilikuwa Naguru, miongoni mwa zile walizojijengea wakoloni mlimani, zenye sakafu ya mvule iliyoinuliwa juu ya nguzo za matofali ili upepo upite chini. Marehemu mumewe, afande Odur wa polisi, aliinunua serikali ilipoziuza nyumba zake. Majirani waliokwisha kununua walikuwa wanang'oa mbao na kumwaga zege, wakidhani maendeleo ni kitu kinachomwagwa kwa ndoo. Odur alikataa. Alisema mti uliokaa msituni miaka mia mbili hauwezi kufukuzwa na mtu aliyepata mshahara jana.

Aliyeitunza sakafu hiyo ni Valère. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mzee wa miaka sitini na minane, aliyekimbia vita na kufikia Namuwongo, kwenye chumba kimoja karibu na reli. Kazi alijifunza ujanani katika nyumba ya mapadri, ambako sakafu zilikaguliwa kwa kitambaa cheupe na aliyeacha vumbi alianza upya. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, alipanda mlima na mfuko wake: ufagio laini, matambara ya pamba, brashi pana yenye mkanda wa kuingiza mguu, na kopo la nta ya nyuki aliyoiyeyusha mwenyewe kwa tapentaini.

Alifanya kazi kwa mpango usiobadilika. Kwanza kufagia, kwa kuwa punje moja ya changarawe chini ya kiatu hukwaruza mbao kuliko kucha za mbwa. Kisha tambara bichi, lililokamuliwa mpaka lisidondoke hata tone, kwa maana maji ni adui wa mbao. Halafu nta, nyembamba, nyembamba sana, ikae mpaka ikauke. Mwisho brashi: mguu mmoja juu yake, mwingine umesimama, na mwili mzima ukiyumba mbele na nyuma kufuata urefu wa ubao. Mama Lamunu, akiwa kitini, alisikiliza brashi ikienda na kurudi, naye hakukosa neno.

"Wewe Mkongo," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi, "mimi naita wewe kwa kazi, wewe nakuja kucheza dansi kwa sakafu yangu."

"Mama, mimi niko natumika, ni kazi. Wewe ndiyo unasikia muziki."

"Mzee kama wewe. Kiuno itavunjika, halafu watasema ni Lamunu naua mtu."

Kulikuwa na jambo moja zaidi katika kazi hiyo ambalo hawakulizungumza kamwe. Tangu macho ya mama yazimike, kila alipomaliza kupaka, Valère alipiga magoti na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, akachokoa nta yote iliyoingia katika ule mfuo wa ubao wa saba, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Hakuna aliyemtuma. Siku moja tu alimwona mama akitembea, akakitazama kile kidole, akaelewa. Mama naye aliusikia ule mkwaruzo mwembamba kila Alhamisi, na wakati huo peke yake hakumtania.

Mtoto wa kwanza wa mama, Olal, alikaa Luzira, upande wa ziwani, katika nyumba mpya yenye vigae vyeupe toka getini hadi chooni. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kama watoto wa leo wanavyopenda, kwa kununua vitu. Alisema mbao ni za kizamani, zinafuga mende, zinanuka nta kama kanisa, na watu wanamcheka kwamba mama yake anakaa kwenye nyumba ya mkoloni aliyekufa. Mwezi wa pili akaleta maboksi ya vigae, akayapanga barazani kabla hajauliza. Mama akamwambia kwamba siku atakayokufa ataweza kutandika hata vioo, lakini akiwa hai asiguse ubao mmoja. Wakabishana wiki tatu kwa simu. Mwishowe Olal akakata shauri. Jumapili ya mwisho ya mwezi itasomwa misa ya kumkumbuka baba, miaka kumi tangu afariki, na wazee wa ukoo watakuja kutoka Lira. Wakiingia na kuiona sakafu inafaa nyumba ya afande, yeye ataviondoa vigae. Wakiguna, mafundi wanaingia Jumatatu.

Mama Lamunu alimweleza Valère habari hiyo Alhamisi kabla ya misa. Hakumwomba kitu. Alisema tu, "Sasa ni wewe na hao wazee."

Valère alirudi Namuwongo hana usingizi wala hamu ya kula. Alijua wazee hawataguna. Wazee wanajua mbao. Aliyemwogopa ni Olal na jicho lake lililozoea vigae, jicho linalotaka kila kitu kiwe bapa kama maji kwenye beseni. Sakafu ya mvule, hata ikitunzwa na malaika, inaonyesha umri: mikwaruzo ya vitanda vilivyosukumwa, alama za moto wa pasi, na ile mifuo kati ya mbao, iliyopanuka kidogo kwa miaka sabini. Kijana ataona nyufa. Atasema, mzee, hizi nyufa ni za nini?

Ijumaa alipanda mlima siku isiyokuwa yake. Alichekecha unga wa mbao, akauchanganya na nta, akapata ujiuji wa rangi ya mvule, kisha akapiga magoti na kisu cha bapa akaziba kila mfuo, mmoja baada ya mwingine, ukumbi mzima. Alipofika kwenye ubao wa saba mkono wake ulisimama. Akajiambia kwamba ni siku mbili tu, Jumatatu atachokoa tena. Kuacha mstari mmoja wazi katikati ya sakafu iliyojaa ingekuwa kama kuacha jino moja bovu mdomoni mwa bibi harusi. Akauziba. Kisha akapaka nta mara mbili, ya pili kabla ya ya kwanza kukauka, maana mvua ilikuwa inanyesha na siku zilikuwa zimekwisha. Mtu aliyefukuza wanafunzi wawili kwa kosa hilohilo alilifanya kwa mikono yake. Siku hiyo mama alikuwa kanisani na akina mama wenzake wakipanga misa, na aliporudi jioni walimwingiza kwa mlango wa jikoni, wakamshika mkono mpaka kitandani. Jumamosi yote na asubuhi ya misa wageni wa kike walimzunguka, kila hatua ameshikwa.

Jumapili, baada ya misa, watu waliingia ukumbini wakasita kukanyaga. Jua la saa nane lilikuwa limelala sakafuni lote. Mzee mmoja wa Lira alivua viatu bila kuambiwa. Olal alisimama katikati, akatazama chini, akaiona sura yake mwenyewe.

"Mzee," alimwambia Valère aliyesimama mlango wa jikoni, "leo umeniweza. Hata vigae vyangu havifiki hapa."

Aliwaambia watu kwamba kesho atatuma gari lichukue maboksi. Valère alihisi machozi yanapanda. Tangu atoke Bukavu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ameweza.

Chakula kilipokuwa mezani, mama alikumbuka picha ya Odur iliyokuwa kwenye kabati la chumbani, ile aliyopigwa siku aliyopandishwa cheo. Akasema anakwenda kuichukua. Wakwe wawili wakainuka kumshika, akawatoa mikono. "Mimi nakaa kwa hii nyumba miaka arobaini. Acha mimi tembea."

Akavua kandambili, akaweka mguu chini. Valère alikiona kidole gumba kikitafuta. Kilikwenda kulia, kikarudi kushoto, kikazunguka kama kuku anayetafuta punje mahali alipozoea kuikuta. Hakikupata kitu. Sakafu ilikuwa bapa kama kigae. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Kinywa chake kilifunguka. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama mama kwa furaha, na Olal alikuwa amemjia Valère, ameushika mkono wake, anampongeza, na kupiga kelele wakati ule kungekuwa ni kusema mbele ya ukoo mzima: mimi ndiye niliyemfunga mama yenu macho mara ya pili. Akachelewa. Si sana, kadiri ya mtu kumeza mate.

Mama Lamunu hakuwa mwanamke wa kurudi kitini. Alijinyoosha, akaenda kwa kumbukumbu. Hatua nne alizipata. Ya tano ilielekea mkono wa kushoto, ambako ukirudi chumbani ndiko ziliko ngazi za varanda, mguu ukateleza juu ya nta iliyokuwa bado mbichi chini ya mng'ao wake, na ule ubao uliolalamika siku zote, uliozibwa na kubanwa pande zote, haukulia.

Nyonga ilivunjika. Alilala hospitali wiki saba.

Valère alikwenda kumwona wiki ya pili. Mama alimjua kwa harufu ya tapentaini.

"Fundi," alisema. "Nani naziba njia yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka ing'ae, mama. Olal aone ni muzuri, aiache."

Mama alisikiliza hatua za muuguzi zikipita na kurudi. Kisha akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza, "Mimi hapana kuwa na macho ya kuona hiyo kung'aa." Akageuza uso upande wa ukuta. Baadaye kidogo akaongeza kwamba atakaporudi nyumbani aikute njia yake imefunguliwa.

Valère alitoka hapo moja kwa moja na kijiti chake cha mwanzi mfukoni, akapanda Naguru. Geti lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mafundi wanne na saruji. Olal alimkuta pale barazani na hakumtukana. Alimwambia tu kwamba sakafu iliyomvunja mama haiwezi kubaki, na kwamba, mzee, tafadhali, usirudi tena hapa. Valère alitaka kumwambia kwamba si sakafu, ni yeye. Akalisema. Olal akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, akaingia ndani.

Siku chache baadaye, huko Namuwongo, Valère alinusa kitu akipita kwenye jiko la Faridah, mama anayekaanga mihogo pembeni mwa reli. Alisimama. Moshi ulinuka nta. Chini ya karai kulikuwa na vipande vya mvule, na nyuma ya Faridah rundo lililofika kiunoni, limeletwa na lori kutoka mlimani.

"Mzee, kuni za mwaka huu ni tamu," Faridah alimwambia. "Zinashika moto hata bila mafuta ya taa. Sijui walizipaka nini."

Miaka kumi na tisa ya Alhamisi ilikuwa inakaanga mihogo. Valère alichakura rundo kutwa nzima, wapita njia wakimdhani kichaa, mpaka akapata vipande viwili ambavyo vilikuwa bado vimeshikana, urefu wa mkono mmoja, na mfuo katikati yake. Alivijua kwa alama ya pasi. Faridah alikataa malipo. Alisema mtu anayelilia kuni ana msiba wake.

Mama Lamunu aliporudishwa nyumbani Valère alingoja siku ambayo Olal yuko kazini, akapita mlango wa jikoni ambao binti wa kazi aliuacha wazi. Vigae vilikuwa vyeupe, baridi, vinarudisha sauti ya kila kitu. Mama alikuwa kwenye kiti dirishani, miguu imewekwa juu ya kigoda. Hakutaka tena kukanyaga chini. Siku ya kwanza, binti alieleza, walimsimamisha mara moja, akagusa sakafu kwa kidole, akauliza kama bado wako hospitali.

Valère aliweka mfuko wake chini. Alipiga magoti, akatoa vile vipande viwili vya mvule na kijiti cha mwanzi, akachokoa unga wa nta uliosalia ndani ya ule mfuo, polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Mama aliusikia mkwaruzo. Akainamisha sikio. Fundi akaondoa kile kigoda, akaweka vile vipande viwili chini yake, akaushika mguu wake wa kulia kwa kiganja na kuushusha.

Kidole gumba kilitafuta. Kikapata. Uso wa mama ulifunguka wote, naye akaanza kukisukuma mbele, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani asubuhi na mapema. Kilikwenda kiasi cha mkono mmoja, kikafika ukingoni, kikagusa kigae.

Akakirudisha. Akajaribu tena. Kikafika palepale.

"Imeisha," alisema.

"Ndiyo, mama," Valère akajibu. "Imeishia hapo."